Sikio la Mwarobaini wa Babu

Bawshar, baada ya Alasiri

Mwanangu Thuraya,

Salamu zangu umeshazipata asubuhi uliponibusu kichwa ukaniambia nisianze kulia mapema, kwa hiyo nazipita. Umetoka na baba yako kwenda Matrah kutafuta ubani na halua ya kuwapelekea wenyeji wako. Ameniletea ujumbe kwamba kuna meli kubwa ya watalii bandarini, mabasi yamejaa njia nzima, na hata pa kuegesha gari hajapata. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimefurahi kusikia habari ya foleni. Nimepata saa mbili, labda na nusu, na jambo ninalotaka kukuandikia nimelibeba miaka kumi na nne.

Sitakwambia uvae nini wala ule nini. Baba yako ameshajaza karatasi mbili mbele na nyuma, na ya tatu ameibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Mna soksi humo, mna nyakati za swala, mna namna ya kupika wali kwenye jiko la umeme, na nimeona ameandika "usipoteze pasipoti" mahali pawili kwa wino wa rangi mbili. Mimi niachie hofu. Hofu ndiyo kazi yangu katika nyumba hii na nyote mnanicheka kwa sababu yake. Ni kweli kwamba naifunga gesi, naifungua, naifunga tena ili nisikie imelia. Ni kweli kwamba nilimpigia simu mwalimu wako wa kuogelea kumuuliza kina cha maji, na maji yenyewe yalikuwa ya kiunoni. Chekeni, sina neno.

Lakini wiki mbili zilizopita uliponiketisha hapa jikoni, ukanipa simu yako nitazame picha za huo uyoga unaokwenda kuusomea Kanada, niliingiwa na hofu nyingine kabisa. Ulikuwa na furaha. Ulinieleza pole pole, kama mtoto wa darasa la pili.

"Mama, kwanza watazama mti wenyewe. Huu n'aspeni, na uyoga huu hauoti pengine, wakaa kwa aspeni tu. Halafu watazama umbo. Si kama ukwato wa ng'ombe uliobandikwa kwenye shina? Juu mweusi, umepasukapasuka. Chini wa kahawia, una vitundu vidogo hata huvioni vyema. Na huku chini haukulala sawa, umeinama. Mara nyingi hutokezea pale tawi lilipokatika zamani."

Nikakuuliza, "Na mti ushakufa?"

"La, mama, hapo ndipo penyewe. Mti u hai. Majani yachezacheza, ndege wamo. Ndani ndimo mlimooza. Ukiuona uyoga mmoja tu nje, jua mbao ya ndani ishakwisha urefu wa mtu, kwenda juu na kwenda chini."

Hapo niliinuka nikasema nakwenda kutazama wali. Wali ulikuwa bado haujawekwa jikoni. Ama hukugundua, au uligundua ukanistahi.

Mwanangu, nilikuwa najifanya. Nilikuuliza maswali ya kijinga, mimi niliyefundisha baiolojia miaka ishirini na mbili. Uyoga wa namna hiyo nilishauona kwenye mti ulio hai, nikautambua bila ya kusaidiwa na mtu, na nikanyamaza. Si huo wa aspeni, ni mwingine wa ukoo wa mbali, lakini tabia yao ni moja. Mti nausema ule wa uani kwetu. Mwarobaini wa Babu.

Unaukumbuka kwa jinsi ulivyoanguka. Mimi naukumbuka kwa jinsi ulivyopandwa. Babu yako alipokuja hapa kutoka Unguja hakuwa na kitu cha kuonyesha ila sisi watoto na redio iliyokuwa haishiki stesheni. Alipopata kiwanja hiki, kabla ya kuchimba msingi wa nyumba, alichimba shimo la mti. Mama yangu, Mungu amrehemu, alimwambia mtu huanza na choo. Yeye akasema choo hakina kivuli. Nilikuwa na miaka saba, nikaambiwa niushike mche usimame wima wakati yeye anarudishia mchanga. Miaka yote iliyofuata akawa anakaa chini yake kila siku baada ya Alasiri, kwenye benchi lile la saruji, na birika lake la kahawa na vikombe vyake vitatu, hata kama hapana mgeni. Watu waliokuja kumwona hawakuulizia nyumba, waliulizia mti.

Uyoga uliuona wewe kwanza. Ulikuwa na miaka tisa. Ulikuja mbio jikoni ukasema, "Mama, mti wa Babu umeota sikio." Nikakwambia nenda kanawe mikono. Ulinivuta nguo hadi nikatoka nikatazama. Lilikuwa upande wa ukutani, ambako Babu alikuwa hakuoni, karibu na ardhi, kubwa kama sahani. Juu lilikuwa la hudhurungi, linang'aa kidogo, na ukingoni jeupe. Chini lilikuwa jeupe tupu, na ukilikwaruza kwa ukucha panageuka kahawia. Na pale ndipo nilipofahamu jambo jingine lililokuwa likinikera tangu mwezi uliopita. Kila nilipofua kanzu za Babu nilikuta vumbi la rangi ya kakao kwenye pindo na mikono. Nikidhani ni la njiani. Lilikuwa likimwagika kutoka chini ya sikio lile, mbegu zake, nyingi zisizohesabika, zinatua kwenye benchi na kwenye kanzu ya mzee aliyekaa akinywa kahawa yake.

Sikuhitaji kitabu, ingawa nilikifungua. Nilikuwa najua kitasema nini: uyoga mgumu unaotokeza kwenye shina la mti ulio hai maana yake ndani kumeshaliwa. Hakisemi kutaliwa. Kumeshaliwa.

Na kama hilo halikutosha, Anwar naye alinambia. Yule bwana aliyekuwa akija kututunzia bustani siku mbili kwa wiki, mtu wa maneno machache. Aliligonga shina kwa mpini wa jembe mbele yangu, juu na chini, akaniacha nisikilize. Juu lilitoa sauti ya mti. Chini lilitoa sauti ya pipa tupu. Akasema kwa kile Kiarabu chake, "Mama, shajara hadha mariidh," kwamba mti huu mgonjwa, akapitisha mkono shingoni kuonyesha wa kukatwa. Nikamwambia, "Tutaona, Anwar." Akatikisa kichwa akaenda kumwagilia maua.

Sasa nikwambie nilichoogopa, maana usidhani sikuogopa. Niliogopa mambo mawili. La kwanza, wiki ile walikuwa wanakuja watu wa posa ya khalati yako Zuwena. Mdogo wangu alikuwa amefika thelathini na mbili na sote tulikuwa tukitembea nyumbani kwa ncha za vidole tusiiharibu bahati ile. Wazee wa bwana harusi wangekaa pale pale chini ya mti. Ningewaweka vipi chini ya mti ulioota ugonjwa, au uani kwenye gogo lililokatwa jana, waseme nyumba hii ina mkosi? Jambo la pili, sikuwa na moyo wa kumwambia Babu. Nilikaa mara mbili kando yake nikitaka kuanza. Mara ya kwanza alinimiminia kahawa. Mara ya pili alikuwa amelala kwa kukaa, mdomo wazi. Nilimtazama nikajiambia, si leo.

Basi siku ya Jumatano, Babu amekwenda msikitini na wewe uko shule, nilichukua kisu cha mkate nikalikata sikio lile. Lilikuwa gumu, likanitoa jasho. Kisha nikafanya wanachofanya watu wote wa mtaa huu wakitaka ua uonekane nadhifu: nikachukua ndoo ya chokaa nikalipaka shina jeupe, kuanzia ardhini hadi kifuani, mara mbili, mpaka kovu halikuonekana. Mti ukapendeza. Watu wa posa walipokuja mmoja wao akausifu kwa jina la Mungu, na Babu akaanza kumhadithia habari za shimo na choo. Posa ikapita. Khalati yako leo ana watoto watatu. Kila nikiwatazama watoto wale nawapenda, na naiona ile ndoo ya chokaa.

Kuna jambo baya kuliko hilo, na nimelizunguka ukurasa mzima. Lile sikio sikulitupa. Mwalimu hatupi kitu cha namna ile. Nililifunga kwenye kitambaa nikalipeleka shule, nikaliweka juu ya meza mbele ya wasichana thelathini, nikawafundisha. Nilifundisha vizuri siku ile. Niliwaonyesha uso wa juu na ukingo, nikawaonyesha vitundu kwa kioo cha kukuzia, nikawaambia, "Mkiona hichi kwenye mti, hata kama una majani mabichi, msikae chini yake." Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Akaniuliza, "Na mti huo uko wapi, ustadha?"

Nikamjibu, "Ulishakatwa."

Nilirudi nyumbani nikamkuta Babu chini yake.

Kwa wiki sita nilikuwa nikisema wiki ijayo. Sitaki kukuficha kwamba ilifika mahali nikasahau. Chokaa ilikuwa nyeupe, mti una majani, ukawa mti tu. Sijui kama utanifahamu, wewe ambaye bado kijana: hofu ikikaa bila kufanyiwa kitu, huzoeleka, na mtu huanza kuipita kama kiti kibovu cha sebuleni.

Siku mti ulipoanguka haukuwa upepo wa kutisha. Ulikuwa ule wa vumbi tu, unaofunga madirisha na kuwakera waliokwisha kuanika nguo. Wewe ulikuwa kwenye pembea yako, iliyofungwa kwenye tawi la mti ule ule. Nilikuita uje uchukue sahani ya tende umpelekee Babu. Ulikuja unaburuta kiatu kimoja, ukaipokea, ukageuka, na ulikuwa umefika mlangoni. Huwa najihesabia hatua zile. Kutoka mlangoni hadi kwenye benchi ni kumi na moja. Mti haukupiga kelele ya kuvunjika kama watu wanavyodhani. Ulitoa sauti ndogo ya kitu kilichorowa, kisha ukalala.

Ulimlalia Babu kwenye nyonga. Hayo unayajua. Unajua hospitali, unajua miezi minane ya kitandani, unajua siku alipofariki na jinsi nyumba ilivyojaa watu. Usilolijua ni hili: tulipokuwa tumekaa kwenye ukumbi wa kusubiri, baba yako alikuja kutoka kazini na kofia mkononi, akaniuliza, "Mti mzima vile waangukaje?"

Nikasema, "Labda ile pembea. Kutwa tawi lile lavutwa."

Nilisema kwa sauti ya chini. Nilipoinua macho ulikuwa umesimama nyuma ya baba yako na boksi lako la juisi. Hukulia. Ulilifinya lile boksi mpaka juisi ikapanda kwenye mrija ikakumwagikia vidoleni, ukaenda kunawa. Nilikuona ukienda, Thuraya. Ningeweza kukuita. Ukumbi ule haukuwa mrefu.

Siku ya pili yake niliikuta kamba ya pembea umeikunja vizuri, duara juu ya duara, umeitia kwenye mfuko wa taka na kuufunga.

Wenye msumeno walikuja asubuhi ukiwa shule, na nilikuwa nimewaomba waje saa hiyo makusudi. Ndani ya shina mlikuwa mweupe na laini kama mkate uliorowa chai. Mmoja wao aliuchota kwa mkono akanionyesha. Niliwaambia wauchukue wote, na mizizi, na wafagie. Anwar alikuwepo. Alinitazama mara moja, akachukua fagio akawasaidia. Mwaka uliofuata alirudi kwao, na sikumwambia hata neno moja la haki.

Babu naye aliniuliza. Jioni moja kitandani, akili yake iko sawa kabisa, akanishika mkono.

"Mti mshaukata?"

"Tushaukata, baba."

"Ndani ulikuwaje?"

Nikamwambia, "Mzima, baba. Upepo tu."

Mzee aliupanda mti ule kwa mikono yake, na naamini alijua kwamba mti mzima hauanguki kwa upepo ule. Hakunibana. Akasema, "Basi mwambie Thuraya si yeye. Nnamwona haniangalii usoni. Mwambie."

"Ntamwambia, baba."

Na nilikwambia. Unakumbuka? Nilikuwa nakusuka nywele, nikakwambia kwa nyuma, nisipoona uso wako, "Thuraya, lile jambo la mti si wewe." Ukauliza, "Sasa nani?" Nikasema, "Upepo." Hukuniamini, na ulikuwa na haki, kwa sababu ulinisikia kwa masikio yako siku ile ukumbini. Nikafunga utepe. Tangu hapo hatukulitaja tena.

Nilijidanganya kwamba umesahau. Watoto husahau, nikijiambia. Nilikuona ukikua, ukipenda miti, ukiingia kwenye mabustani ya watu kugonga mashina, nikasema ni kipaji, kakichukua kwangu. Nilikuwa nikijivuna kwa majirani. Kisha mwaka jana ulinipa nikusomee ile barua ya kuombea nafasi huko Kanada, nitazame kama ina makosa. Mstari wake wa kwanza uliandika: nilipokuwa na miaka tisa niliangusha mti ukamuua babu yangu. Niliisoma hadi mwisho, nikakurekebishia nukta mbili, nikakurudishia. Nikakwambia ni nzuri. Nikaenda chooni nikafungua bomba nikalia mpaka ukaja kugonga ukaniuliza kama tumbo linaniuma.

Hukuuangusha wewe, mwanangu. Mti ulikuwa umekwisha kabla ya kamba yako kufungwa. Nilikuwa najua wiki sita kabla. Ningeweza kusema siku yoyote katika zile wiki sita, na Babu angehuzunika kwa mti wake, akakasirika, akahamishia birika lake ukutani, na akaishi.

Sasa unakwenda mahali ambako miti ya namna hiyo si mmoja uani, ni msitu. Kila mmoja una majani yake na kila mmoja utakuwa unaugonga kwa nyundo kusikiliza ndani. Siku zote hizi mnadhani naogopa baridi na theluji na watu wasiotujua. Naogopa wewe kusimama chini ya miti ile. Naota hivyo. Katika ndoto una sahani ya tende mkononi, nami nakuita na huji. Usinicheke kwa hili. Ukifika kwenye mti, tazama juu kwanza, tazama utakimbilia wapi, kisha ndiyo ugonge. Nakuomba kama mtu anayeomba maji.

Na kuna jambo jingine linalonitisha, nalo silisemi kwa kukufundisha, maana sina uso wa kukufundisha. Naogopa umenirithi. Wewe ni mpole kama mimi. Hupendi kumharibia mtu siku yake. Nimekuona ukimeza maneno ili wageni wale kwa raha. Siku moja utauona uyoga huo kwenye mti ulio karibu na nyumba ya mtu, au njia ya watoto, na mwenye mti atakuwa anaupenda, na utajiambia, si leo. Mimi niliogopa aibu ya nusu saa mbele ya wageni, nikaogopa na uso wa baba yangu akihuzunika, na nikawa sikuogopa lile gogo tupu lililosimama juu ya kichwa chake. Niliogopa vitu viwili vidogo kwa nguvu zangu zote hata sikubakiwa na nguvu ya kuogopa kile kikubwa. Ukijikuta umeshika ndoo ya chokaa, mwanangu, nikumbuke.

Baba yako hajui. Nitamwambia mwenyewe baada ya wewe kuondoka. Khalati yako pia nitamwambia, ingawa sijui nitaanzaje, kwa sababu furaha yake imo ndani ya jambo hili bila ya yeye kuwa na kosa.

Wala usinisamehe haraka. Nakujua. Utataka kunikumbatia upesi ili tusichelewe uwanja wa ndege na baba yako asiulize. Kaa nalo. Lipeleke huko, likasirikie, nipigie simu unigombeze, na siku usiyotaka kunipigia usinipigie. Ninachokiogopa zaidi ya yote ni kwamba hutarudi. Nimeandika hivyo nikaisoma mara mbili. Hata hivyo ni bora uende ukiwa na hasira na mimi kuliko uende ukidhani umeua.

Barua hii nilikusudia kuitia kwenye mfuko wa lile koti jipya, uikute huko siku ya baridi, nisiuone uso wako ukiisoma. Leo nimeitia na kuitoa mara mbili kabla hata haijamalizika. Kisha nikafahamu kwamba nafanya kile kile, nakata na kupaka; basi utaisoma hapa mezani, mbele yangu.

Juu ya meza, pembeni ya barua, nimekuwekea lile bati la halua ambalo nyote huniuliza kwa nini silitupi. Lile sikio limo ndani, kwenye kitambaa chake. Limekauka, limekuwa jepesi kama gamba la mkate, lakini halikuoza. Usisafiri nalo, watakunyang'anya forodhani. Litazame tu. Mimi sikuwahi kujua jina lake kamili, naujua ukoo tu. Wewe ndiye uliyesoma, wewe nambie ni lipi.

Kisha ligeuze. Ule uso wa chini uliokuwa mweupe, ambao ukikwaruzwa hugeuka kahawia na alama yake haifutiki tena, una maandishi. Niliyaona siku ile mbele ya wanafunzi nilipouinua kuwaonyesha vitundu. Nikawaambia ni mikwaruzo. Ni herufi nne kubwa, zimekwenda upande, zimeandikwa kwa njiti na mtoto aliyelala kifudifudi chini ya mti kabla ya mama yake kuja na kisu. Umeandika BABU. Ulikuwa umeshaliona, ukaja kunambia, ukanivuta nguo nitoke nje. Mtu mmoja katika nyumba hii alifanya linalopasa siku ile ile, na alikuwa na miaka tisa.

Nasikia geti. Baba yako anapiga honi kama anayeleta bi harusi, bila shaka ubani wameupata. Nakaa kiti cha pili, kile cha dirishani. Wali nimeshaupika tangu saa tisa na jiko nimelizima, leo sina la kuinukia.

Mama yako